Shangazi, mume wangu anataka turudi bondeni na mimi siwezi

Shangazi shikamoo. Naomba jina langu lisitoke, andika tu mama wa watoto wanne wa Rufiji, upande wa Muhoro. Hii meseji nimeiandika mara tatu nikafuta, leo nimesema naituma ilivyo, hata kama haijakaa vizuri utanielewa.

Sisi ni watu wa bondeni kabisa. Mume wangu kazaliwa pale na baba yake kazikwa pale, mimi nilikuja kuolewa 2009. Tulikuwa na nyumba ya tofali za kuchoma vyumba vitatu tuliyoijenga kwa ufuta wa misimu miwili, heka nne za mpunga, mbuzi sita, kuku sikumbuki wangapi. Matajiri hatukuwa ila kwa jirani hatukwenda kuomba chumvi. Na maji tumeyazoea, kila masika mto unapanda unashuka, mtu wa huku hakimbii maji hovyo. Ndo maana 2024 yalipoanza kupanda, Ramadhani ikiwa inaelekea ukingoni, tukaona ni yale yale ya kila mwaka, tukapandisha magunia juu ya kitanda tukalala.

Usiku kama saa nane hivi mwanangu wa tatu, alikuwa na miaka sita, akaniamsha akasema mama miguu yangu imelowa. Nikajua kakojoa. Nikashusha mguu nimuwashie tochi nikakuta maji yapo kwenye ugoko, na ndala zinaelea zinagonga ukuta, ule mlio wa ndala kugonga ukuta shangazi nausikia mpaka leo. Tulikaa juu ya meza, baadaye tukapanda darini na watoto na mama mkwe mpaka asubuhi jirani alipokuja na mtumbwi. Tukapita juu ya mpunga wetu wenyewe, ulikuwa umeshaanza kutoa masuke, nikawa nauona chini ya maji unalala unaamka, mume wangu akawa anaangalia upande mwingine. Hakusema neno mpaka tunafika nchi kavu.

Idd tuliswalia kwenye uwanja wa shule, watoto wamevaa nguo za kupewa. Mwezi wa tano mwanzoni kikaja tena kimbunga Hidaya, tupo kwenye turubai, upepo ule nilisema sasa ndo tumeisha. Kwetu hakufa mtu alhamdulillah, na hili ndo linanichanganya maana kila nikilia mtu ananiambia si mpo hai, shukuru. Nashukuru, lakini nalia.

Sa hivi tuko huku juu, tumepata kiwanja tumesimamisha kibanda cha udongo. Mlango ni ule ule wa nyumba ya bondeni, mume wangu aliung'oa akaja nao kichwani. Una mstari wa tope karibu na komeo, nimesugua kwa majivu na kwa sabuni, hautoki.

Tatizo ni hili. Mume wangu huku juu hakai. Anasema udongo ni mchanga mtupu, hauleti kitu, yeye si mtu wa kununua unga dukani. Tangu mwaka ule maji yalivyoshuka anashinda bondeni, ana banda lake chini ya mwembe wa marehemu baba yake, analala huko siku tano za wiki. Sasa anataka masika hii isipite kabla hajafyatua tofali, tujenge pale pale, turudi wote. Nikikataa anasema yale yalikuwa maji ya bwawa, lile la umeme la Nyerere kule juu ya mto, hayarudi tena. Shemeji zangu wananisema, eti mwanamke gani anamwacha mumewe alale na viboko. Wiki iliyopita kaniambia kama hutaki baki, mimi nina kwetu. Miaka yote hajawahi kuniambia neno kama hilo.

Na huyu mtoto wa tatu, sasa ana miaka minane, mvua ikigusa bati tu anaamka anavaa viatu vya shule. Siku hizi hasubiri mvua, analala navyo. Baba yake akiwepo anamfokea, anasema atakuwa mwanaume gani.

Halafu kuna deni la kikoba, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa, laki nne, nilikopa kwa palizi na mbegu, mpunga wenyewe ndo ule niliouona chini ya maji. Nimerudisha elfu themanini tu. Nikimwona mwenyekiti wetu njiani nakata kona.

Watu wananiambia usikate tamaa. Mi nawauliza, tamaa ya nini, ya kurudi kule au ya kubaki huku? Mama mkwe yuko na mimi hapa, hasemi kitu, anasuka ukili tu. Nisaidie shangazi, nimechoka.

Mama wa watoto wanne, Rufiji

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, marahaba sana. Nimekusoma asubuhi nikaacha chai ikapoa. Vizuri hukufuta mara ya nne.

Nianze na hao wanaokwambia si mpo hai. Wanakutakia mema, najua, lakini usikubali wakunyang'anye kilio chako. Aprili ile ya 2024 Waziri Mkuu alisimama bungeni akasema nchi nzima kaya zaidi ya 51,000 zimeguswa na mafuriko, watu kama laki mbili, na waliofariki walishafika 155. Kwenye hesabu hiyo nyumba yako ni kaya moja. Ule mpunga uliokuwa unatoa masuke, mbuzi sita, deni la laki nne na mume aliyegeuza uso asione, hivo hakuna aliyevihesabu, umevibeba wewe. Kwahiyo lia mama. Mtu anaweza kushukuru na kulia siku moja hiyo hiyo, na Mungu hawezi kukasirika kwa hilo.

Sasa mtoto, maana yeye hawezi kungoja nyie watu wazima mpatane.

Huyo mtoto ndiye aliyewaamsha. Umeliona hilo? Yeye ndo alisema miguu yangu imelowa, bila yeye sijui mngeamka saa ngapi. Kichwani mwake tangu siku ile kajipa kazi ya ulinzi, ndo maana halali bila viatu, anakesha kwa ajili yenu wote. Kumfokea ni kumwambia kazi yako haina maana. Kwahiyo kwanza mwambie wazi, mbele ya wenzie na bibi yake, kwamba usiku ule yeye ndo alituokoa. Sidhani kama kuna mtu alishamwambia. Halafu mwambie zamu yake imeisha, sasa mama ndo analinda, na umwonyeshe unavyolinda: tochi inaning'inia hapa, simu ina chaji, mfuko wa nguo uko hapa. Viatu mwache alale navyo kwanza, usimvue kwa nguvu, weka karibu na mkeka umwambie viko hapa ukivitaka. Akikojoa usimchape. Na mwalimu wake umwambie, maana mtoto asiyelala usiku darasani anaonekana mzito kumbe ana usingizi.

Na kuna jambo moja la kweli la kumweleza, sio la kumdanganya. Mvua inayopiga bati lenu siyo iliyoleta yale maji, au tuseme ilichangia kidogo. Rufiji maji yake yanatoka mbali, ni Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, mvua inanyesha Njombe, Iringa, Mbeya, Morogoro, halafu maji yanasafiri siku nyingi ndo yanafika Muhoro, unaweza ukakuta huku jua linawaka na mto unapanda. Chukua kijiti mchoree chini kwenye mchanga, hapa milima, hapa mto, hapa bondeni, hapa kwetu juu. Akiona kwa macho kwamba nyumba mnayolala sasa haipo njiani kwa mto, na kwamba kelele ya bati sio mguu wa mafuriko, kidogo kidogo atapumua. Mrudie mara nyingi, mara moja haitoshi.

Haya, mume wako.

Mimi simwoni kama mkaidi. Hebu rudia ulichoandika mwenyewe, mtu kaupita mpunga wake chini ya maji hakusema neno, kang'oa mlango kabeba kichwani, analala chini ya mwembe wa baba yake. Huyo ana msiba na hajaanza kulia. Wewe umelia kambini, umelia kwa majirani, umeniandikia mimi, yeye kampelekea nani? Kampelekea mwembe. Neno "nina kwetu" limekuuma, haki yako, na siku moja akipoa umwambie kwamba liliuma. Lakini naona alikuwa anazungumzia kaburi la baba yake zaidi ya anavyozungumza na wewe.

Ila kwenye kujenga pale pale nipo upande wako kabisa, sirudi nyuma hata hatua moja. Hiyo habari ya bwawa watu wamebishana sana, serikali ilisema ni mvua kubwa na bwawa limepunguza makali, watu wa bondeni wengi wana maneno yao, na mimi sitaimaliza hapa. Lakini tuseme hata ana haki asilimia mia. 1974 bonde lilifurika vibaya sana, bwawa lilikuwa wapi? Na kabla ya hapo mwishoni mwa miaka ya 60 mto ulipofurika serikali ikawatoa watu bondeni ikawapeleka vijijini huku juu, wazee wanaiita Operesheni Rufiji. Mto huu ulikuwa unapanda kabla hajazaliwa baba yake na utaendelea kupanda. Anayesema hayarudi tena anaomba, na kuomba ni kuzuri, ila tofali za watoto wanne hatuzifyatui juu ya dua peke yake.

Sasa na wewe nikuambie, usinichukie. Bonde lenyewe huwezi kulikataa. Umeandika kama njia ni mbili tu, kurudi wote au kubaki wote, na naona hapo ndipo mlipokwama. Watu wa Rufiji hawakuishi hivo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa upande wa Kibiti, nikiwa mdogo likizo tulikuwa tunapelekwa shambani kwake, tunalala kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, unapanda kwa ngazi, chini yake maji yanapita au nguruwe wanapita na wewe uko juu unapiga debe kufukuza ndege wasimalize mpunga. Dungu lilikuwa la msimu. Mpunga ukishaingia ndani watu wanarudi juu. Halafu maji yakishuka, Mei hivi Juni, bibi alikuwa anashuka na mbegu kwenye kibuyu, anapanda mlao. Yaani anafuata maji yanavyorudi mtoni, pale yalipoondoka leo kesho anachimba anadondosha mahindi na kunde kwenye lile tope, hakuna mvua hata tone, na mahindi yanaota kwa unyevu wa chini mpaka yanakomaa. Nakumbuka lile tope, laini kama unga uliokandwa, ukikanyaga linapanda katikati ya vidole, la baridi jua likiwa kali. Ni tope hilo hilo lililoacha mstari kwenye mlango wako. Mto unalitoa Morogoro na Iringa huko, unalimwaga kwenu, ndo maana mumeo anadharau mchanga wa juu. Kwenye hilo hakosei.

Kwahiyo nendeni mkaongee hivi: bondeni tunalima, juu tunalala. Yeye asinyang'anywe bonde, wewe na watoto msinyang'anywe usingizi. Badala ya tofali ajenge dungu zuri, imara, la msimu. Laki za tofali ziende kwenye nyumba ya huku juu, hata chumba kimoja kila mwaka. Na huo mchanga anaoudharau mikorosho inaupenda sana, mihogo nayo inakubali, apande hata miche kumi pembeni ya kiwanja, mwaka wa tatu hivi mkorosho unaanza kukupa kitu. Mwanaume akiwa na mti wake mahali anaanza kupaona kwake, na huyu kwa miti tumeshamjua.

Lakini msiongelee nyumbani, na msiongelee mbele ya shemeji zako. Nisikilize hapa. Kabla mvua kubwa hazijaanza mwambie mumeo nataka twende wote bondeni, mimi na wewe tu, watoto wabaki na bibi yao. Kwenye barua yako sijaona mahali ulipokanyaga pale tangu siku ya mtumbwi, kama nimekosea nisamehe. Naamini hujakanyaga. Yeye anaenda kila wiki peke yake kukaa na yaliyopotea, wewe unakaa nayo huku juu peke yako, hamjawahi kusimama pale pamoja. Nenda. Mbebee chakula. Mwambie akuonyeshe maji yalifika wapi kwenye mwembe, muweke mkono pale wote wawili. Ikija kulia lieni, hakuna atakayewaona. Swalieni, mrehemuni baba mkwe. Halafu ndo umwambie, hapo hapo, mimi mume wangu sikukimbii wewe, nakimbia usiku wa saa nane.

Na siku hiyo hiyo muweke alama kwenye huo mwembe, kwa panga. Alama ya chini kabisa, ya kwenye kifundo cha mguu. Mkubaliane kwamba maji yakigusa hapo yeye anapanda juu, mchana au usiku, mpunga uwe umeiva au haujaiva, bila mjadala na bila kungoja jirani. 2024 mlilala kwa sababu mliyaona ya kawaida, na sikulaumu, ndivo wote walivyoona. Alama inasaidia kwa sababu hampimi kwa mazoea tena. Na redioni wakitoa utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa msisikilize wa Pwani tu, sikilizeni na Morogoro, Iringa, Njombe, Mbeya, huko ndo maji yenu yanaanzia.

Vyeti vya watoto, kitambulisho, kadi za kliniki, kama vilienda na maji nendeni RITA kwa vyeti, NIDA kwa kitambulisho na kliniki kwa kadi, mvifuatilie kabla hamjavihitaji, vikipatikana viwekwe kwenye mfuko wa nailoni ndani ya ndoo yenye mfuniko. Na mbegu msiweke zote bondeni, debe moja libaki juu siku zote.

Deni. Acha kukata kona. Wanawake wenzio wa kikoba wengi maji yaliwapitia pia, au ndugu zao, wanajua. Nenda siku ya kikao, usingoje kuitwa, simama useme nimerudisha elfu themanini, nimebaki na laki tatu na ishirini, kwa mwezi naweza elfu kumi, na mlao ukikubali nitaongeza. Taja kiasi unachokiweza kweli, kisiwe cha kuwafurahisha. Ukitaka kuuza ukili au mikeka anayosuka mama mkwe waulize humo humo nani anaenda Ikwiriri au Dar. Kitu kimoja tu nakukataza kwa nguvu zangu zote, usije ukachukua ile mikopo ya kausha damu, ya riba kubwa, ulipie deni la kikoba. Nimeona mama wa watu anakuja kuchukuliwa mpaka godoro la msaada alilopewa kambini. Usiguse.

Umeniuliza tamaa ya nini. Mimi sikupi kubwa. Nakupa ya Juni. Maji yakishashuka, wewe na mumeo mkapande kunde kwenye lile tope, safu chache tu za kwako wewe mwenyewe, na zikishatoa majani ndo umpeleke mtoto mchana kweupe, jua kali, akamate jani, achume, arudi nalo nyumbani lipikwe usiku huo huo. Asilale kule. Aende, aone, arudi. Akitaka kwenda na viatu vya shule aende navyo, mtavifua.

Nimebakiza mtu mmoja. Mama mkwe wako hasemi kitu, unasema, anasuka ukili. Mwanangu, kwa umri wake huyo 1974 aliiona. Wanae wanabishana habari ya maji mbele ya mtu aliyeyaona kabla wao hawajazaliwa, na wewe unabeba maneno ya shemeji zako wakati mama yao umekaa naye mkeka mmoja. Shemeji zako hawatakusikiliza wewe, ila yeye akifungua mdomo watakaa chini. Usimwombe akutetee. Muulize tu habari za mwaka ule, jioni, watoto wakiwepo, na mumeo akiwepo ndo vizuri zaidi. Muulize walilala wapi, walikula nini, walirudi lini, walianza na mbegu gani.

Nami uniandikie alichojibu. Msalimie sana, mwambie shangazi anauliza walipohama 74 alikuwa amebeba nini mkononi.